Muuaji Nadhifu Aingia Nyumbani

Dukani, 4 Februari

Kwa Mwongozaji wa filamu ya *Muuaji Nadhifu*,

Shikamoo.

Mimi ni mdogo wake Paka, yule aliyekuwa akiruka na kuanguka badala ya steringi, shujaa mkuu, katika filamu yako. Hunijui. Siku ya mazishi ulinipa mkono ukaniita shangazi, nadhani kwa sababu ya jinsi nilivyojitanda, nami nikanyamaza. Mbele ya watu maneno yangu hujificha. Ndiyo maana naandika.

Nimemaliza shule juzijuzi, na sasa nauza filamu katika duka la mtu tunayemwita Bosi Rimoti, kwa sababu rimoti yake haishikwi na mwingine. Jana alitundika bango mlangoni: *Muuaji Nadhifu* inatoka kwa diski mwezi ujao.

Ilipokuwa ukumbini nilikwenda peke yangu, nikakaa nyuma. Nilimtambua kaka kila steringi alipogeuza mgongo. Steringi hutembea kama anaogopa kuchafua viatu. Kaka alitembea kama sakafu ni yake. Pale juu ya paa, adui anapoinua panga kukata kamba na suti nyeupe inaanguka, nilijua ile si kazi ya kompyuta. Ni siku ile yenyewe, na mmeiacha ndani. Suti inajaa upepo, inashuka polepole, muziki unanyamaza. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Kijana mmoja alisema, "Utadhani kweli." Mwenzake akamjibu, "Kompyuta hiyo, acha ushamba."

Sikulalamika wakati ule, kwa kuwa mama haendi ukumbini. Lakini filamu ya ukumbini mtu huifuata. Ya diski humfuata mtu. Itawekwa kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwa jirani ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu. Mama atatoka kununua chumvi amkute mwanawe anakufa kwenye runinga ya duka, na watu wanasema, "Rudisha tuone tena."

Tayari ana mzigo wa kumtosha. Watu wa kampuni yako walipokuja nyumbani walisema kaka alifungua fundo lake mwenyewe, kwa kutaka kujionyesha, kabla godoro la hewa halijajaa chini. Tangu hapo majirani husema la kujitakia halina pole, na mama huinamisha kichwa kama aliyefungua fundo ni yeye.

Naomba uliondoe anguko lile kwenye diski. Hilo tu.

Ni mimi,
Mdogo wake Paka

---

Ofisini, 13 Februari

Binti,

Marahaba. Kumbe hukuwa shangazi. Nisamehe, wafiwa hufanana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti mbele ya mhariri wangu wa picha, akalia, ingawa huyo hulia hata akikatwa kucha. Una mwandiko wa mtu anayeona mambo. Hiyo ya "sakafu ni yake" nimeikopa, nitaitumia mahali.

Kuhusu kaka yako, alikuwa hodari na alikuwa na haraka. Vitu hivyo viwili vikikaa kwa mtu mmoja huzaa shujaa au marehemu. Fundo tulilikuta limefunguka. Sipendi kulirudiarudia, kwa heshima ya mama.

Kuhusu anguko, unaniomba nitoe moyo nibakize shati. Niliwashonea suti nyeupe za kutosha harusi nzima, nikaagiza bastola zinazong'aa, nikasubiri jua la jioni kama mchumba, na bado kitu kizuri kuliko vyote ndani ya filamu ni kile ambacho hakuna aliyekipanga. Kwenye diski nimekitengea hata chumba chake: kuna nyongeza, *Nyuma ya Kamera*, na humo anguko linaonyeshwa zima, bila muziki, kwa watu wanaopenda kazi.

Hata hivyo mimi si jiwe. Niandikie habari zake. Alianzaje? Nyumbani alikuwa akisema nini juu ya kazi, juu yangu, juu ya wenzake? Nikimjua vizuri nitaweza kupima.

Mwongozaji

---

Nyumbani, 19 Februari

Mheshimiwa Mwongozaji,

Shikamoo, na asante kwa kunijibu. Sikutegemea. Nilipoiona bahasha nilijifungia chooni kuisoma, na dada wa jirani akagonga mlango akiuliza kama nimemeza ndoano.

Kaka aliitwa Paka tangu utotoni, kwa sababu alianguka kutoka kila kitu kinachopandika na hakuvunjika. Mama alimwambia, "Una roho ya paka, lakini mimi sina roho ya mama paka." Alianza kwa kuruka kutoka paa la choo cha shule akilipwa maandazi. Baadaye akapata kazi kwenu.

Alikuja na kazi yake nyumbani. Alifunga kamba kwenye boriti ya banda la kuku, akaning'inia na suti ya zamani ya baba, akaniambia mimi niwe mwongozaji na fundi kamba kwa pamoja. Kisu changu cha kukatia kamba kilikuwa kipande cha mbao. Siku ya kwanza nilichoka kucheza nikasema "kata", kama nilivyosikia waongozaji wanasema. Akajiachia papo hapo, akaanguka juu ya kuku, akalala pale akijifanya amekufa mpaka nikalia. Kisha akakaa kitako akanifundisha. Alisema, "Penye kamba neno kata si la kamera. Kata ni la kamba peke yake, na fundi akilisikia hana ruhusa ya kufikiri. Ukitaka kamera isimame, sema simama. Ukisema kata, umeniua." Alinirudisha kwenye somo hilo hadi nikaliota. Alisema kwenu hakuna asiyejua kanuni hiyo, hata mpika chai.

Kwa hiyo mimi na mama hatuelewi habari ya fundo. Alikuwa mtu wa kukagua fundo, akaenda zake, akarudi kulikagua tena. Kamba za viatu vyangu alizifunga hadi ilibidi nizikate kwa wembe. Labda siku ile alikuwa na kitu moyoni. Yule mzee fundi kamba angeweza kutuambia, lakini hakuja msibani. Je, unajua anaishi wapi? Ningependa kumsalimia. Kaka alimpenda, alimwita Babu Mkasi.

Juu yako alisema unaona vizuri na husikii.

Nisamehe kwa kuandika hilo. Ulisema nieleze alichosema.

Mdogo wake Paka

---

Ofisini, 22 Februari

Mwanangu,

Nimepokea barua yako asubuhi, nakujibu asubuhi hiihii. Umenishinda. Nimekubali. Anguko litatoka.

Lakini mambo haya yana wenyewe. Wanasheria wetu hawatoi hata picha ya kuku bila maandishi ya mwenye kuku. Nahitaji ombi lako kwa mkono wako na sahihi yako. Umeshafikia umri wa kujiwekea sahihi, naamini. Ili nisikusumbue kurudia, nakili hivi hivi:

*Mimi, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia, naomba picha zote na sauti zote za kaka yangu zitolewe katika filamu na nyongeza zake, na za asili ziteketezwe, ili familia ipate utulivu.*

Usiongeze, usipunguze. Lete kwa mtu, usiamini posta.

Yule mzee wa kamba aliacha kazi. Alikuwa mlevi, na walevi husema mengi. Usimtafute, atakuongezea machungu. Na mama usimwambie lolote kwa sasa. Mzazi hupewa habari ikiwa imeiva.

Mwongozaji

---

Dukani, 24 Februari

Mheshimiwa Mwongozaji,

Shikamoo. Ombi ndilo hili, nimelifunga pamoja na barua hii. Nimeliandika kwa kalamu nzuri ya Bosi Rimoti, aliyenikopesha huku akiniuliza kama namwandikia mchumba. Kwenye neno "zote" nilisita kidogo, maana mimi nilitaka anguko tu. Halafu nikajiambia mwenye filamu ndiye anayejua lugha ya filamu.

Mama sijamwambia. Jana alinisikia nikiimba wakati naosha vyombo, akasema, "Kumbe humu ndani bado kuna redio."

Mungu akulipe.

Mdogo wake Paka

---

Dukani, 9 Machi

Mheshimiwa Mwongozaji,

Shikamoo. Nakuandikia juu ya boksi, nisamehe kwa mistari.

Leo yameletwa maboksi ya *Muuaji Nadhifu*, mapema kabla ya siku yake. Nadhani yalichapwa kabla hujapata ombi langu. Bosi Rimoti alifungua moja kujaribu. Mimi nilikuwa nafuta vumbi rafu za chini, mgongo kwa runinga. Aliingia kwenye nyongeza, *Nyuma ya Kamera*. Sikugeuka kutazama. Nilisikia.

Ulisema, "Jua limeingia wingu. Kata."

Kisha sauti ya mzee kutoka juu: "Nikate, mkuu?"

Wewe ukasema, "Nimesema kata. Masikio mnafugia nini?"

Kaka akasema, "Bado." Mara moja tu, bila kelele, kama mtu anayejibu hodi. Kisha kamba ikalia.

Baada ya hapo kuna sauti ambayo siandiki. Kisha wewe tena: "Kamera ilikuwa inazunguka?" Mtu akajibu, "Ndiyo, mkuu." Ukauliza, "Umeipata?" Akasema, "Nimeipata." Ukasema, "Safi."

Bosi Rimoti alikuwa anatafuna karanga. Alisema, "Hii itauza," akazima.

Mwongozaji, hakuna aliyefungua fundo. Naelewa ulikuwa unasimamisha kamera. Naelewa hukumtaka afe. Mzee naye alilisikia neno la kamba, akauliza, ukamkaripia, akakata. Sitaki mtu afungwe. Nataka ufike nyumbani, au utume hata karatasi, umwambie mama kwamba fundo la mwanawe lilikuwa limefungwa. Sentensi moja itamtosha. Ataitembeza kwa majirani wote wawili wa ukuta.

Na ombi langu la mwezi uliopita nalifuta. Tafadhali usitoe kitu. Acha anguko, acha sauti. Nitamwandaa mama mimi mwenyewe, nitakaa naye akisikiliza.

Mdogo wake Paka

---

Ofisini, 14 Machi

Binti,

Umechelewa, na kosa ni la ufasaha wako. Ombi lako lilikuwa zuri mno, limetekelezwa.

Lori letu lilipita jana kwenye maduka yote na kuyarudisha maboksi ya mwanzo. Bosi wako alinyimwa usingizi na kupewa mzigo mpya, wote wawili mmefaidi. Za asili zimeteketezwa mbele ya shahidi. Mtunza ghala hakutaka, wazee wa ghala huzipenda picha kama watoto wao, lakini nilimwonyesha karatasi yako. "Ili familia ipate utulivu." Alivua kofia. Nakala ipo kwenye faili, sahihi yako inasomeka hata na kipofu.

Sauti unazosema ulizisikia, ulizisikia peke yako. Bosi wako ameulizwa. Anakumbuka karanga. Mhariri wangu, yule mliaji, ndiye aliyeacha sauti ile kwa uvivu, naye ameshatafuta kazi nyingine. Babu Mkasi hana anwani. Basi unabaki wewe, ambaye kwa maelezo yako mwenyewe huwezi kusema mbele ya watu.

Na kwa kuwa uliandika "zote", tumetoa zote. Mbio za juu ya paa, dirisha la kioo, ngazi za chuma, hata ile ya kushuka kwenye bomba. Jina lake nalo limetoka kwenye orodha ya mwisho. Steringi amefurahi sana. Anasema sasa watu wataamini alifanya kila kitu mwenyewe, na kwa kweli hakuna anayeweza kumbishia. Filamu imekuwa fupi na, nakiri, imepoa kidogo. Uzuri una gharama, na safari hii nimelipa mimi.

Usiache kuandika. Wasichana wanyamavu huandika vizuri, na hawasumbui mtu.

Mama nitamtumia diski moja ya zawadi. Itazame naye bila hofu. Hakuna tena cha kumuumiza.

Mwongozaji

---

Nyumbani, 2 Aprili

Mwongozaji,

Barua hii haina shikamoo. Sikuisahau.

Kifurushi chako kilifika nikiwa kazini. Nilirudi nikamkuta mama amekaa mbele ya runinga iliyozimwa, amevaa nguo yake ya kutokea, kasha limelala mapajani. Kwenye kasha kuna suti nyeupe tu, kuanzia shingoni kushuka, na bastola. Alikuwa anaipapasa ile suti kwa kidole.

"Niwashie," alisema. "Mimi na mashine hatusalimiani."

Nikamwambia, "Mama, hii tusiitazame."

"Kwa nini? Naingoja tangu bosi wako atundike bango."

Sikujua. Miezi yote hii mimi nilidhani anaikimbia. Alisema, "Walipokuwa wanamwonyesha ukumbini niliambiwa niende, nikakataa. Siwezi kumtazama mwanangu gizani, katikati ya watu wanaotafuna. Nilisema atakuja nyumbani, nitamngoja. Najua uso wake hawauonyeshi. Mgongo unanitosha. Mgongo ule nimeuogesha mimi."

Nikamweleza habari ya fundo. Nilimwambia lilikuwa limefungwa, kwamba ni neno lilimuua. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Umeyasikia wapi?" Nikasema dukani, kwenye diski. Akainyanyua hii ya kwako. "Hii?" Nikasema hapana, nyingine. "Iko wapi, nisikie." Nikasema haipo tena. "Nani kaitoa?" Nikainama kuokota karatasi ya kifurushi. Akasema kwa upole, "Mwanangu, huzuni nayo husema. Hata mimi humsikia akigonga mlango. Washa."

Nikawasha.

Pale palipokuwa na paa sasa kuna mlango unafungwa, kisha steringi yuko chini, anajikung'uta vumbi ambalo hajalipata popote. Mama alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini.

"Yuko wapi?"

"Bado, mama."

"Huyu?"

"Bado."

Watu wakafa, magari yakaungua, steringi hakuchafuka. Mama akaanza kunitazama mimi badala ya runinga. Karibu na mwisho steringi anashuka kwenye gari na kuelekea jumba la adui, mgongo kwetu, peke yake kwenye ua mrefu. Nikasema, "Yule pale."

Mama alisogea hadi kwenye kioo. Akasema, "Amenenepa." Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. "Walikuwa wanamlisha, jamani. Na mimi nilikuwa nalalamika." Akaweka kiganja juu ya ile suti. "Tazama anavyokwenda. Huyu ni mtu wa kufungua fundo ovyo?"

Mimi niliiona ukumbini, najua kinachofuata. Akifika mlangoni anageuka, uso ni wa steringi, anaitazama kamera, anatabasamu. Niliigandisha picha akiwa amenyanyua mguu. Nikamwambia mama diski ina mkwaruzo.

Tangu siku hiyo kila alasiri anaitoa, anaifuta kwa upindo wa nguo, anaipulizia, anairudisha, ananipa rimoti kwa mikono miwili. Ameshawaita majirani waje kuona mgongo wa mwanawe. Wanaomjua steringi hutazama sakafu. Mmoja alitoka nje, nikamsikia anacheka ukutani. Mama hakusikia. Aliwaambia, "Kaeni, kaeni, mtoto wa watu huyu, si mjinga wa mafundo." Kisha akanigeukia mbele yao wote.

"Iache ipite, mwanangu. Mbona unanibania? Sasa hivi atageuka, nimwone."

Wewe ndiye unayejua filamu. Umempeleka mtu huyo hadi mlangoni, na mimi nimemshika hapo kwa kidole. Niandikie nimwambie mama nini akigeuka.

Mdogo wake Paka